Habari Aliyoipeleka Buhinyuza

Zihalirwa alifika Gitega akitokea Bukavu mwaka ule vita vya kwao vilipowaka upya, kamera ya video kaiviringisha kwenye kitenge cha mama yake isiingie vumbi. Alipanga chumba mtaa wa Waswahili, nyuma ya nyumba ya fundi cherehani aliyeitwa mzee Sefu, akaanza kupiga video za harusi. Vita au si vita, watu walikuwa wakioana. Shida ilikuwa moja: kwenye harusi za Kiislamu mwanamume haingii upande wa wanawake. Akamwomba mzee Sefu ruhusa ya kumfundisha kamera binti yake, Hidaya, na mzee akakubali, mradi binti arudi nyumbani kabla ya Magharibi.

Kamera Hidaya aliijua, lakini kilichomnasa kilikuwa mikro, kile kinasa sauti. Alipovaa zile ekuteri za kusikilizia masikioni alikuwa kama mtu aliyefunguliwa mlango. Alisikia bibi harusi akimeza mate, alisikia shangazi akinong'ona uani. Zihalirwa alipoona hivyo aliacha kumpa kamera. "We kaa na sauti," alimwambia. "Mi macho yangu inatosha."

Apolline aliwakuta wawili hao wameshazoeana. Alikuwa mtoto wa mwalimu kutoka Itaba, alisomea uandishi wa habari Bujumbura, akaacha kazi nzuri kwa sababu alichoka kuwafuata wakubwa kwenye mikutano. Alitaka kutengeneza filamu zake mwenyewe, filamu za watu wa kweli na maisha yao, bila kuigiza na bila kumngoja bosi. Wote walimcheka isipokuwa hao wawili. Alikuwa na stendi ya kamera na pikapu ya kuazima kwa mjomba wake, pamoja na ukaidi usio na dawa. Basi wakawa timu: Apolline akiuliza maswali, Zihalirwa akishika kamera, Hidaya akisikiliza.

Bi Kulthumu walimpata Kobero, mpakani, mwaka wakimbizi walipoanza kurudi kutoka Tanzania. Malori yalikuwa yakipita duane, penye ofisi ya forodha, yamejaa watu, magodoro na kuku. Kando ya wabadilisha pesa alisimama mama mmoja mnene, mtandio mweupe, akiangalia kila uso unaoshuka. Alikuwa mjane kutoka Buhinyuza, mkoa wa Muyinga. Binti yake Riziki alikimbia na mtoto mgongoni mwaka wa tisini na sita, baada ya watu kumtoa mume wake nyumbani na kumwua. Tangu siku hiyo mama hakupata neno lake hata moja.

"Kama lori iko na watu, na yeye iko mtu," Bi Kulthumu aliiambia kamera. "Siku moja atashuka."

Walimfuata karibu mwaka mzima. Walimpiga picha akilima maharagwe, akisali, akipanda baiskeli za kukodi kwenda Kobero na kurudi mikono mitupu. Njiani kati ya Gitega na Muyinga, Apolline akisinzia kando ya dirisha, Hidaya na Zihalirwa waliongea mambo yao kwa sauti ya chini. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake neno kubwa, lakini lilikuwa limeshaeleweka.

"Filamu ikiisha, nitaongea na baba yako," Zihalirwa alisema siku moja.

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia mi Mushi, kabila ya kule Bukavu, mukristo, sina kitu ila kamera. Alors, basi, atanifukuza. Kesho yake nitarudi."

Hidaya alicheka mpaka Apolline akaamka.

Aliyempata Riziki alikuwa mbeba mizigo wa Kobero aitwaye Waziri, waliyemwomba amwulizie kwa kuwa alikuwa akivuka kwenda Kabanga, upande wa Tanzania, kila uchao. Alikuja na jibu lililowashangaza: mwanamke yupo, mzima, atakuja Kabanga siku ya soko kuongea na watu wa filamu. Lakini wakija na mama yake, haji. Wasimwambie mama lolote kwanza.

Walimkuta nyuma ya ghala moja la mahindi, amekonda, kanga imefungwa vizuri, Kiswahili chake kimeshakuwa cha Kitanzania. Apolline alimuuliza kwa nini hataki kumwona mzazi wake.

"Nikimwona nitarudi naye," alisema Riziki. "Na nikirudi nitakufa. Waliomtoa mume wangu nyumbani ninawafahamu. Mama anachota nao maji kisima kimoja. Hana la kufanya, yuko pale. Mimi siwezi." Akaeleza kwamba amepata mume mwingine, mkulima wa huko, na kwamba wanahama kambini kwenda ndani zaidi, mbali na mpaka. Kisha akaitazama kamera. "Mama, mjukuu wako yuko hai, anasoma. Nakuombea kwa Mungu kila siku. Usije tena Kobero. Usisimame juani kwa ajili yangu."

Zihalirwa alizima kamera, lakini Hidaya alikuwa bado na ekuteri masikioni. Alimsikia Riziki akigeukia ukuta na kulia, kilio cha mtu aliyejizuia miaka. Alipomaliza alimshika Hidaya mkono. "Dada, msimwambie kwamba nimelia."

Kamera yao ilikuwa ya zamani, picha unaichungulia kwa jicho moja. Zihalirwa hakutaka Bi Kulthumu amchungulie mtoto wake kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Alitaka kwenda Gitega kutoa nakala ya kaseti na kurudi na televisheni, mama amwone Riziki kwa picha kubwa mbele yake, na Apolline akamhimiza aende haraka. Wakati huo Hidaya alikuwa amelala na malaria kwa shangazi yake mjini Muyinga, na Apolline alibaki kumwuguza. Asubuhi ya safari Zihalirwa aliingia kuaga. Aliweka kiganja kwenye paji la uso wa Hidaya, mbele ya shangazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Unaungua, we. Kunywa dawa. Narudi Ijumaa."

"Kaseti ziache hapa."

"Nikiziacha, nitatoa nakala ya nini?" Akacheka. "Ya harusi?"

Alivamiwa Karuzi, mahali barabara inapopita katikati ya mikaratusi. Watu wenye bunduki walitokea pande zote mbili. Walikuwa wa nani, kila mtu alisema lake, na hakuna aliyejua. Walimwua, wakaichoma pikapu na vyote vilivyokuwamo. Habari ilifika Muyinga kwa dereva wa lori, naye alimweleza Apolline mlangoni. Hidaya alisikia kila neno kutoka kitandani.

Alizikwa Gitega. Kaka yake, Moïse, alikuja kutoka Bukavu na mke wake, na Wakongo wafanyabiashara wa mjini wakajaa kanisani wakiimba. Hidaya alisimama nje na majirani. Moïse alizunguka akishukuru watu, akafika kwake.

"Na wewe, dada yetu, ulikuwa nani kwake?"

"Tulikuwa tunafanya kazi pamoja."

"Asante. Mungu akubariki." Akapita kwenda kwa mwingine.

Nyumbani, mama yake Hidaya aliwaambia wateja, "Mpangaji wetu amekufa, maskini, kijana mpole." Kisha akamwomba Hidaya atie vifungo kwenye gauni la mtu. Hidaya alitia vifungo. Mwenye gauni aliingia, akalijaribu mbele ya kioo, akasema limempendeza. Siku zilizofuata zilikuwa hivyo. Hakukaa eda wala matanga, hakupewa pole. Alikula kwa sababu asingekula angeulizwa kwa nini, na hakuwa na jibu analoweza kulitamka mbele ya baba yake.

Apolline alikuja kumwona. Walikaa uani. Hidaya akasema, "Twende Buhinyuza. Yule mama anapaswa kujua."

"Tutamwambia nini, Hidaya? Hatuna kitu mkononi. Bila picha, ni maneno tu." Apolline alifunika uso. "Mi ndiye nilimtuma. Nilimwambia afanye haraka. Siwezi kuingia tena kwenye ile nyumba na maswali yangu."

Hidaya alienda peke yake. Alilala Muyinga kwa shangazi, kesho yake akachukua baiskeli ya kukodi hadi Buhinyuza. Bi Kulthumu alikuwa anapeta maharagwe. Alimwona akija bila kamera na bila wenzake, akauweka ungo chini.

"Mumempata," alisema. "Amekufa."

"Hapana, mama. Iko hai. Nilimwona Kabanga, nikamsikia kwa masikio yangu haya."

Bi Kulthumu aliketi chini. Hidaya akaketi mbele yake na kumwambia yote kwa mpangilio wake, bila kuruka kitu: mjukuu anasoma, Riziki ana mume, wanahamia mbali. Alipofika kwenye maneno ya kisima, mama aliinamisha kichwa. Alikuwa anajua. Miaka yote alikuwa akiwajua, akiwasalimia asubuhi.

"Alisema nisiende tena Kobero?"

"Alisema usisimame juani kwa ajili yake."

"Sema vile alisema. Sauti yake."

Hidaya alifumba macho akayarudia maneno kama alivyoyasikia. Bi Kulthumu alishtuka. "Mbona inasema kama Watanzania?"

"Ndivyo anasema sasa, mama."

"Mtoto yangu!" alisema, akacheka kidogo, na kicheko kikamkatikia mdomoni. "Haya. Na alilia?"

Hidaya aliutazama ungo. Bi Kulthumu alimwangalia. "Hata kidogo? Hakulia juu yangu hata kidogo?"

"Alilia, mama. Alilia sana. Aliniomba nisikuambie."

Ndipo Bi Kulthumu akalia, na Hidaya, aliyekuwa hajatoa chozi mbele ya mtu tangu Muyinga, akalia naye, na alilia zaidi ya mama mwenyewe. Mama aliliona hilo. Alifuta uso kwa mtandio, akauliza, "Na yule kijana wa kamera iko wapi?"

"Walimwua njiani. Alikuwa anakwenda kukuletea picha ya Riziki."

"Inna lillahi." Bi Kulthumu alimsogelea. "Alikuwa nani yako?"

"Mwenzangu wa kazi."

"Mwenzako wa kazi tu?"

Hidaya alifuta macho kwa kiganja. Bi Kulthumu hakuuliza tena. Aliinuka, akatandika mkeka mpya ndani, akamketisha, akamfunika mabega kwa kanga yake. Majirani walipokuja kuuliza kilio ni cha nini, aliwaambia mlangoni, "Mgeni yangu amefiwa na bwana yake." Wakaingia, mmoja baada ya mwingine, wakavua viatu, wakampa mkono. Poleni. Poleni sana. Hidaya alipokea mkono wa kila mmoja, na hakumsahihisha mtu. Walimpikia uji, wakakaa naye mpaka matanga yakaisha. Miongoni mwa waliompa mkono huenda walikuwapo wale wa kisima. Hakutaka kujua.

Filamu haikuisha. Apolline alirudi Bujumbura, akapata kazi katika shirika moja lililotaka video za kufundisha watu kunawa mikono, na kila alipompigia Hidaya simu aliahidi kwamba wataanza upya. Hidaya alikaa na cherehani ya baba yake. Watu walimfuata awapigie harusi, akawaelekeza kwa wengine. Bi Kulthumu hakwenda tena Kobero. Alisema kama mtoto amemkataza, basi.

Bi Kulthumu alifariki mwaka wa uchaguzi, watu walipokuwa wakisema vita vimekwisha. Hidaya aliwahi mazishi. Baada ya udongo kuwekwa alipanda baiskeli hadi Kobero, akamtafuta Waziri kati ya wabeba mizigo, akampa habari ampelekee Riziki. Waziri alivuka. Hidaya alimngoja karibu na duane, malori yakipita. Jioni Waziri alirudi, akatikisa kichwa kabla hajafika. Aliuliza sokoni, akauliza ghalani, akauliza hadi kwa madereva. Hakuna Kabanga nzima aliyejua yule mwanamke alihamia wapi.