Ayie ya Mwaka wa 1901

Mimi sina subira, niseme mapema. Nakodisha tenti na viti hapa Kaloleni, na mteja akiniambia "nitarudisha kesho" namuuliza kesho saa ngapi. Sasa mwanamke kama huyo alipendaje mtu kama Gordon? Miaka minne ananiahidi atawaleta wazee wake kwa mama yangu kule Kombewa. Mara mvua ipungue. Mara Pasaka ipite. Pacha wangu Apiyo ameolewa na ana watoto wawili, na kila nikienda nyumbani mama ananiangalia, halafu anaangalia barabara. Nilikuwa nimeapa: mwaka huu uishe bila wazee, namwacha. Nampenda vibaya, lakini namwacha.

Gordon ndiye aliyenitengenezea programu ya kazi, kwenye kompyuta kuukuu inayokohoa kama trekta. Unaandika majina ya wenye sherehe, tarehe, na simu mbili: ya atakayepokea tenti na ya atakayerudisha. Kisha unabonyeza kitufe cha kukubali. Yeye, kwa utani wake, badala ya "Kubali" aliandika AYIE, yaani "nimekubali" kwa Kijaluo. Wateja hucheka sana, maana ayie ndiyo pia ile siku wazee wa kijana wanapokwenda kwa mama wa msichana kumwomba akubali. Tarehe ikipita, programu yenyewe inawatumia wahusika meseji yenye majina, neno hilo la AYIE na dai la kukamilisha, na hapo viti hurudi mbio.

Jumamosi moja ya Juni akaja kuikagua. Akakuna kichwa.

"Adongo, hii mashine yako haitavuka 2038."

"Itakufa?"

"Itachanganyikiwa. Kompyuta haijui Jumamosi wala Januari. Inahesabu sekunde tu, tangu mwaka wa 1970 ulipoanza. Hesabu inakaa kwenye kisanduku, na hizi za zamani kisanduku chake ni kidogo. Kitajaa tarehe kumi na tisa Januari, 2038."

"Kikijaa kinamwagika?"

"Kinageuka. Nusu yake ni ya sekunde za mbele, nusu ni ya zile za kabla ya 1970. Ukiongeza moja tu juu ya iliyojaa, inaruka upande wa pili mpaka Desemba 1901."

"1901! Si wakati huo reli ndiyo ilikuwa inafika Kisumu?"

"Hapo hapo." Macho yalimng'aa utadhani yeye ndiye aliyeileta.

Nikapandwa na hasira. Mwanaume anajua kitakachotokea 2038 kwa sekunde, lakini Jumapili ijayo haijui! Nikamwambia hivyo hivyo. Akacheka, akasema ngoja nikuonyeshe, akaandika oda ya majaribio ya tarehe ishirini Januari, 2038. Kabla hajamaliza simu yake ikalia, akatoka nje kuongea. Mimi, kwa kisirani, wala sikusoma alichoandika. Nikabonyeza AYIE kwa kidole kizima.

Saa nzima haijapita, Gordon bado yuko nje na simu yake, mama akapiga.

"Adongo! Yawa! Jambo kama hili unaniambia kwa meseji? Na ni leo?"

"Meseji gani, Mama?"

Akanisomea, neno kwa neno: "Gordon na Adongo. AYIE. Tarehe 14 Desemba 1901 imepita. Tafadhali kamilisheni leo."

Nikakaa chini. Kumbe Gordon aliandika majina yetu! Na kwenye nafasi ya simu aliweka mbili anazozijua kwa kichwa: ya mama yangu, na ya baba yake mdogo, Mzee Oyugi wa Pap Onditi. Mashine ikaona 2038 haiingii kisandukuni, ikageuka hadi 1901, ikaona tarehe imepita zamani sana, ikadai wahusika wakamilishe.

"Mama, hiyo ni..."

"Usinisumbue. Kuku wawili tayari nimeshachinja." Akakata.

Gordon akaingia kama mtu aliyemwagiwa maji. Mzee Oyugi naye alikuwa amempigia, yuko njiani tayari, ameshapita Katito na wazee wengine wawili, wote na makoti.

"Umemwambia ni makosa ya mashine?"

"Hanipi nafasi! Anasema huyo msichana ametusimanga vizuri. Ati 1901 maana yake tumechelewa tangu enzi za babu, na una haki kabisa."

Nikacheka mpaka nikashika meza. Halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu niliona jambo lenyewe lilipofika. Nikampa simu yangu. "Basi mpigie mama. Mwambie hakuna ayie, ilikuwa majaribio. Yeye atakusikiliza."

Aliishika ile simu. Akaiangalia.

"Adongo," akasema, "shati langu jeupe liko huku kwako au kwangu?"

Lilikuwa kwangu. Nililipiga pasi nikiimba, nikaunguza kola, tukaondoka hivyo hivyo.

Kombewa tulikuta majirani wamejaa, Apiyo anasonga ugali, mama amevaa gauni lake la Krismasi. Wazee wakaketishwa. Mzee Oyugi akasimama akaomba msamaha kwa ukoo mzima kwa kuchelewa zaidi ya miaka mia moja na ishirini, na watu wakaangua kicheko. Mama peke yake hakucheka. Alimgeukia Gordon.

"Kijana, nimesikia habari ya mashine. Nataka kujua, ni mashine iliyokuleta au ni wewe?"

Gordon akasimama, kola imeungua, jasho linamtoka.

"Mama, mashine imeniharakisha tu. Nilikuwa nataka tarehe ya mbali ya kuijaribu, nikatafuta shughuli ambayo nina hakika kwamba nikiwa hai nitakuwepo. Niliyopata ni moja. Sherehe ya miaka kumi ya ndoa yangu na Adongo."

Wanawake wakapiga vigelegele. Apiyo akaacha mwiko. Mimi nililia waziwazi, sikujali. Nililia vizuri kabisa, halafu katikati ya machozi nikatoa kumi kwenye 2038.

"Ngoja kwanza! Yaani harusi yenyewe umeiweka 2028?"

Paa lilitaka kung'oka kwa kicheko. Mzee Oyugi akampungia mkono mtoto wa kaka yake. "Kaa chini. Huyu asipewe tarehe tena. Msichana aseme."

Nikasema Desemba. Mama akasema Agosti.

Gordon hakukaa. Akajifuta jasho kwa mkono wa shati, akaniangalia, akauliza Julai ina ubaya gani.