Kidole cha Ijumaa

Damu ya Musyoka ilikuwa haijakauka sakafuni makuli wenzake walipomkamata Haroun, msimamizi wa ghala, pale langoni mwa ghala, bandarini Mbaraki, akitoka kuswali na kanzu yake nyeupe pee. Haikukaa nyeupe. Mumo, mdogo wake Musyoka, alimpiga kichwa puani, wengine wakamalizia kwa mateke na vipande vya mbao, wakimburuta hadi ndani, mbele ya ofisi.

"Wallahi nalikuwa msikitini!" Haroun alilia.

"Mfumo umesema ni wewe!"

Huo mfumo! Ulipoletwa, wakubwa waliusifu hadi povu likawatoka: ghala, gereji, mishahara na lango, vyote ndani ya kompyuta moja, na hakitoki kitu bila kidole cha msimamizi. Sasa skrini ilionyesha kwamba saa saba na dakika kumi kidole cha Haroun kiliruhusu foklifti mbovu, gari la kuinulia mizigo, itoke gereji. Breki zilikataa, ikambana Musyoka ukutani mpaka akakata roho.

Joab, karani, alisimama mlangoni mwa ofisi akitazama. Siku ya kuandikisha vidole, Haroun alimwomba Joab atie kidole chake kwenye jina la Haroun, kazi isisimame Haroun akienda kuswali Ijumaa. Jumapili, Joab akiwa kanisani, Haroun naye humshikia zamu. Ni ihsani ya watu wanaoheshimiana. Leo dereva wa foklifti alimharakisha Joab, onyo jekundu likatokea kwenye skrini, naye akabonyeza bila kusoma, chapati ikiwa mkono wa pili.

Haroun alijua hayo. Jicho lake moja lililobaki wazi lilimtafuta Joab, likampata, kisha likafumbika. Hakumtaja. Mumo akainua kulabu ya magunia.

Aibu ya Joab ilishinda woga. Alikwenda kwenye mashine ya vidole, akaweka kidole gumba. "Karibu, Haroun," ikaandika kwa herufi kubwa, kila mtu akaona.

"Ni mimi," alisema. "Mwacheni huyo."

Mumo alimsogelea taratibu, akihema. "Onyo lilitokea?"

"Lilitokea."

"Ukalisoma?"

Angeweza kudanganya, nani angejua? "Sikulisoma, ndugu yangu."

Mumo aliushika mkono ule ule wa Joab, akaubana juu ya meza, akashusha kulabu. Nyuma yao Haroun, mdomo umejaa damu, alikuwa akitambaa sakafuni akiwasihi wamwache Joab.