Trekta Lisilojaribiwa Udongoni

Amuge wa Angurai aliwatunza maksai wanne wa marehemu mumewe kama mtu anavyotunza watoto. Wote waliuzwa kwa jirani, Okwakol, pamoja na kipande cha shamba la chini, ili kijana wake Ojakol anunue trekta la kulimia watu kwa malipo.

Walilipata Malaba, mpakani mwa Uganda, kwenye yadi iliyo karibu na foleni ya malori. Lilikuwa jekundu, linang'aa, kiti bado kimefunikwa nailoni. Muuzaji aliapa kwamba ni jipya kabisa, limeshuka melini juzi tu.

Kwao Angurai, hakuna anayelipia maksai kabla hajafungwa plau akalima mstari mmoja huku mnunuzi anaangalia. Amuge aliomba na trekta lijaribiwe vivyo hivyo, maana nyuma ya yadi kulikuwa na kiwanja. Muuzaji akacheka.

"Mama, hii si ng'ombe. Likishaguswa na udongo, si jipya tena."

Ojakol akamvuta kando. "Mama, usiniaibishe mbele ya watu."

Amuge akanyamaza. Wewe mwenye mtoto anayetaka trekta, usinyamaze hapo.

Liliponunuliwa na kufika nyumbani, katekista aliliombea, majirani wakala. Mvua ilipoanza, Ojakol alienda kulima kwa Emuron, mteja wake wa kwanza. Hata ekari moja haikuisha. Trekta likakohoa, likatoa moshi, likazima. Fundi alilala chini yake, akakwangua ile rangi nyekundu kwa bisibisi, akatoka na donge la udongo mkavu. Lilikuwa jeusi tititi, na shamba la Emuron ni la kichanga.

"Hili limelima kwa watu miaka mingi, boss," alimwambia Ojakol kwa sauti ya chini. "Wamelipaka rangi tu."

Waliporudi Malaba, yadi ilikuwa na kufuli. Wenye maduka ya jirani walisema wale watu wamevuka zamani, wako Uganda.

Trekta lilikokotwa hadi nyumbani. Sasa Amuge analima kwa jembe, peke yake, na mvua za kupandia zinampita. Ojakol hushinda juu ya kile kiti chenye nailoni.

Jana Amuge alimwita aje ale. Ng'ambo ya ua, katika shamba la Okwakol, mmoja wa wale maksai wanne, mwenye madoa, alisikia sauti yake, akasimama na nira shingoni, akageuza kichwa.

Ojakol hakugeuka.