Chai ya Jicho Moja

Tao alipong'oa bomba la maji katika uwanja wake wa mapipa yaliyotumika, alisema ni kwa usalama wetu. Mapipa yalitoka kiwanda cha gundi ya silikoni, ng'ambo ya mto, na ndani ya kila moja, chini kabisa, kilibaki kimiminika ambacho ungedhani ni maji tu. Kikipata unyevu, hata wa hewa ya majira yetu ya mvua, hufuka moshi mweupe unaochoma koo. Ukikimwagia maji huchemka na kutoa asidi. Mtu alikuwa amesuuza pipa kwa maji, likapasuka. Basi Tao akaondoa maji yote, hata ya kuoshea macho.

"Na kikiturukia, bosi?" aliuliza Yuzhen.

"Ulie. Si wanawake mna machozi ya bure?"

Wanaume wakacheka, isipokuwa Genfa. Yeye alimpa Yuzhen glavu zake, akafanya kazi na zile zilizotoboka.

Mimi nilikuwa nikiwapikia, jiko likiwa nje ya uzio. Siku hiyo mvua ilikuwa imetoka kukatika. Yuzhen alilegeza kizibo cha pipa lililovimba, likapiga mluzi, kimiminika kikamrukia usoni.

"Macho yangu! Mama yangu, macho!"

Nilibeba ndoo ya maji, nikakimbilia lango. Mlinzi akanizuia.

"Bibi, maji hayaingii humu."

"Si ya pipa, mwanangu, ni ya mtu! Mwilini yanatakiwa maji mengi!"

Alijua. Alimgeukia Tao, aliyesimama ndani ya lango, na Tao akatikisa kichwa.

Kule ndani Genfa alimvuta Yuzhen kutoka kwenye moshi, akatoa ndani ya koti chupa ya chai iliyopoa. Ilikuwa ndogo.

"Inatosha jicho moja tu, dada. Lipi?"

"Yote! Kaka, yote mawili!"

Akamfumbua la kulia kwa kidole gumba, akamimina taratibu mpaka tone la mwisho. Kisha akambeba mgongoni hadi kwenye ndoo yangu. Nikamwosha, nikamwosha, lakini la kushoto lilikuwa limeshakuwa jeupe kama la samaki aliyepikwa.

Kabla gari la hospitali halijafika, Tao alikuwa ameshamfukuza Genfa. "Umemwaga maji kwangu!" Akaamuru wote wafungue makoti. Zikaonekana chupa nyingine nne za chai, zimejaa.

Wenye nazo waliinamisha vichwa. Hawakufukuzwa. Tao aliwapigia makofi. "Hawa hawakumwaga hata tone. Wanajua kutii."

Nilimtembelea Yuzhen hospitalini, nikamlisha uji wa wali. Jicho la kulia lilikuwa linaona.

"Bibi, nasikia kulikuwa na chai nyingine. Za kina nani?"

Wale wanne alikuwa amekula nao miaka mingi, na mmoja ni mdogo wake.

"Sikuona vizuri, mwanangu," nikamwambia. "Kulikuwa na moshi."

Akanitazama kwa jicho lake moja, muda mrefu, kisha akafungua mdomo nimpe kijiko kingine.