Ncha ya Skii ya Kushoto

Sikupiga kelele.  Mjukuu wangu Vroni alipita mbele yangu kwa kasi, na ncha ya skii yake ya kushoto, ule ubao mrefu wa kutelezea thelujini, ikaingia upande usio wake wa mti wa mlango, mmoja wa miti iliyosimikwa kuonyesha njia ya mashindano. Upana wa vidole viwili tu. Mti ukalala, ukapita katikati ya miguu yake, naye akaendelea kuteremka. Skii zote mbili lazima zizunguke mti upande mmoja. Moja ikipita huku na nyingine kule, mlango hujaupita, hata ukifika chini kabla ya watu wote.

Mti ukainuka, ukatikisika, ukatulia.

Chini watu walianza kupiga kengele za ng'ombe. "Vroni! Wa kwanza! Vroni wetu!" Mwoka mikate, ndiye mtangazaji wetu, alikuwa analia kwenye kipaza sauti.

Mashindano yakifanyika kijijini kwetu, katika bonde la Montafon, Austria, sisi wazee wa klabu ya skii ndio tunaosimamia milango na kumtaja asiyeipita sawasawa. Hakuna anayekuuliza kama mjukuu wako yumo, maana huku kila mtu ni mjukuu wa mtu. Asubuhi Vroni mwenyewe alinifunga skafu shingoni, akanitania, "Bibi, usisinzie leo." Nikamwambia, "Nikisinzia, kishindo chako kitaniamsha, mke mwenzangu."

Ana miaka ishirini na sita, na goti lililopasuliwa mara mbili. Kocha wa timu ya taifa alimwambia waziwazi: ukishinda hapa nyumbani, unabaki. Usiposhinda, basi.

Jirani yangu Serafin, aliyekuwa anasimamia milango ya chini yangu, alipanda akihema. "Zenzi! Mbona hushangilii? Umeganda?" Kisha akaniona uso. "Umeona nini?"

"Ameupanda mti. Skii moja huku, nyingine kule."

"Mimi sikuona."

"Mimi nimeona."

Alivua kofia, akaivaa tena. Watu wanne walikuwa bado juu, lakini ukungu ulikuwa umefunika mahali pa kuanzia na mashindano yakasimamishwa. "Nipe hiyo redio ya upepo," akasema taratibu. "Niseme mimi. Watanitukana mimi, nimeshazoea. Wewe unakula naye meza moja."

Sitausahau wema huo. Lakini hakuona, nami niliona. Nikabonyeza redio. 

"Gebhard," nikamwambia mwamuzi mkuu, "aliyepita sasa hivi, mlango wangu wa katikati. Hakupita."

 Akajibu, "Zenzi, aliyepita sasa hivi ni Vroni."

"Najua ni nani, Gebhard."

Kengele zilinyamaza moja moja baada ya tangazo. Moja tu iliendelea kidogo, ya mtu ambaye hakusikia, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Redio ikaniponyoka, ikaanguka kwenye theluji. Serafin akaiokota, akaifuta kwa shati lake, akasogea pembeni.

Vroni alipanda kwa miguu kando ya njia, na viatu vyake vizito. Nilidhani hakujua. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia.

"Niliuhisi, bibi," akasema kabla sijafungua mdomo. "Mti ulinipiga pajani. Nilijua palepale."

"Kumbe ulijua! Mbona hukusimama?"

"Kwa sababu nilikuona wewe. Nikajiambia, ni bibi, hatasema."

 Miaka yote nimempikia, nimemkanda goti, na hapo, katikati ya mlango, aliniwekea mzigo huo bila hata kupunguza mwendo. Nilimtazama kama mtoto wa watu wengine.

"Sasa sina timu," akasema.

"Huna, mwanangu."

"Nimekukasirikia. Nitakukasirikia mpaka Pasaka."

"Kasirika. Nami nimekukasirikia."

Akashtuka. Nadhani hilo hakulitegemea. Midomo yake ilicheza kama alipokuwa mdogo, kisha akaketi kwenye theluji miguuni pangu, akalia na kofia ngumu kichwani. Sikumkataza. Nilishika bega lake tu, kwani nami nilihitaji kitu cha kushika.

Ukungu ukafunguka. Juu wakapaza sauti kwamba anakuja mwingine, msichana wa bonde la jirani, mmoja wa wale wanaoitaka nafasi aliyokuwa akiitaka Vroni. Nikajaribu kuitazama miti, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi, yote yalikuwa meupe tu.

"Vroni, sioni."

Alisimama akajifuta pua kwa glavu. Msichana akatupita, theluji ikaturukia usoni.

"Amepita," Vroni akasema, sauti ikikwaruza. "Milango yako yote, bibi. Amepita vizuri."

Chini kengele zikaanza upya. Hakwenda. Alibaki kando yangu, akiitazama miti, akimngoja mwingine.