Ramani Apanda Kilele cha Tatu

Kwa miaka tisa yule karani alikaa nyuma ya kaunta ya ofisi ya wageni akiwaelekeza watu milimani, na kwa miaka hiyo yote tisa hakuwahi kupanda hata mlima mmoja. Si kwamba alificha. Hakuna aliyemuuliza. Vilele vilikuwa saba, vyote vya kimo cha wastani, vya kupanda asubuhi na kurudi jua likingali juu, na yeye alivijua kama vidole vyake: njia ipi inaanzia darajani, ipi inataka viatu vya soli ngumu, ipi haifai mvua ikishanyesha. Wenzake walimwita Ramani, na jina likamganda. Mlinzi wa getini hakujua kama ana jingine.

Maarifa hayo yote aliyatoa kwenye kipeperushi. Alikirithi kwa karani aliyemtangulia, na kila nakala zilipokwisha na kazi kurudi kwa mpiga chapa, Ramani aliongeza neno hapa na pale ili maelezo yasiwe makavu. Upepo wa kilele cha pili ukawa mwanana. Bonde la kilele cha tatu likawa la kuvutia, na mwaka uliofuata likawa la kuvutia mno.

Ndipo ikaja barua. Aliyeiandika alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye mwandiko ulionyooka kama uzio. Alieleza kwamba alitembea kwa muda wa saa tatu hadi kilele cha tatu, akalikuta benchi kama lilivyotajwa, akakaa, akatazama upande alioelekezwa, akaona majani. "Majani," aliandika, "ninayo nyumbani."

Mkuu wa ofisi aliisoma mara mbili, akaiweka mbele ya Ramani.

"Kesho nenda ukaangalie."

"Mimi?"

"Kwani Ramani ni nani hapa?"

Jioni hiyo Ramani alirudi nyumbani na viatu vya kupandia mlima alivyoazima kwa mfanyakazi mwenzake, vikubwa kuliko miguu yake kwa namba moja.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake. Mume wa Ramani alikuwa fundi wa mitambo kwenye bwawa la umeme la mbali na alikuja mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo siku nyingine zote nyumba ilikuwa ya wanawake wawili. Mama mkwe alikuwa mkunga aliyestaafu baada ya miaka thelathini na minne wodini: mwanamke mfupi, mkakamavu, asiyepoteza neno. Kwa miaka sita walikuwa wameishi bila kugombana hata siku moja, na bila kuzungumza vilevile. Asubuhi walijuliana hali, jioni mmoja alisema chakula tayari, na baada ya hapo kila mtu na kikombe chake cha chai.

Ramani aliamini anaijua sababu. Ndoa ya miaka sita, mtoto hakuna, na mkwe mwenyewe mkunga. Swali lilikuwa njiani. Kila jioni alilisubiri, kama mtu aliyekaa kwenye foleni ya daktari wa meno.

Asubuhi alikuwa anafunga kamba za viatu mlangoni mama mkwe alipotokea.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini, mama."

Mama mkwe aliviangalia vile viatu.

"Kazini mlimani," alijirekebisha Ramani. "Nimetumwa kukagua."

Mama mkwe alirudi chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa raba zake nyeupe za wodini, mkoba mweusi begani, chupa ya chai mkono mmoja na mwavuli mkono wa pili.

"Mlima wenyewe ni mrefu, mama."

"Wodi yangu ilikuwa ghorofa ya nne. Lifti ilifanya kazi wiki mbili. Twende."

Walianzia darajani, kama kipeperushi kilivyosema. Mama mkwe aliomba nakala, akavaa miwani, na tangu hapo akawa anasoma kwa sauti huku anatembea, sauti ileile ambayo bila shaka aliitumia kusomea kadi za wagonjwa.

"'Hapa mgeni hupokewa na upepo mwanana.'" Alisimama. Hakukuwa na upepo. Alimsubiri kidogo mpokeaji huyo, kisha akaendelea.

"'Kulia kwako utaliona jiwe mfano wa kobe aliyepumzika.'"

Waliangalia kulia. Kulikuwa na mawe mengi, na kila moja lilifanana na jiwe.

"Nani kayaandika haya?"

"Ofisi."

Walitembea hatua kama hamsini. Viatu vilikuwa vinamchubua Ramani kisigino, na dhamiri nayo ikaanza kumsumbua.

"Ni mimi, mama."

"Nilijua. Mtu anayeandika 'vitunguu vyekundu vizuri vya kupendeza' kwenye karatasi ya sokoni hawezi kujificha."

Karibu na juu, kipeperushi kiliahidi lango la asili la mawe. Lango lilikuwa ufa kati ya miamba miwili. Mama mkwe alijigeuza ubavu, akapita bila kupunguza mwendo. Ramani alimfuata akiwa na begi mgongoni, akaingia kichwa, akaingia bega moja, kisha mambo yakasimama. Mbele hapakwendeka na nyuma hapakurudika.

"Mama, nimenasa."

"Naona."

Mama mkwe aliweka chini mkoba, chupa ya chai na mwavuli, vikiwa vimejipanga mstari mmoja. Akakunja mikono ya blauzi.

"Usisukume."

"Lakini nisipo..."

"Nimesema usisukume. Pumua. Vuta ndani, toa polepole. Tena. Niangalie mimi, usiangalie jiwe."

Ramani alimwangalia. Alikuwa hajawahi kumtazama usoni kwa muda mrefu hivyo. Macho ya mama mkwe yalikuwa matulivu kabisa, macho ya mtu aliyeona mengi makubwa zaidi yakitoka mahali pembamba zaidi.

"Vizuri. Unafanya vizuri. Sasa shusha bega la kushoto. Bega likishatoka, mengine yote yanafuata. Haya, sukuma!"

Ramani alisukuma. Mama mkwe alimshika chini ya kwapa akavuta, mkanda wa begi ukakatika, na Ramani akatoka mzimamzima akaanguka kwa magoti kwenye majani makavu. Mama mkwe alimkagua toka kichwani hadi miguuni. Kisha akatazama saa yake ya mkononi.

"Saa nne na dakika kumi," alisema.

Ramani alianza kucheka akiwa bado yuko chini. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mama mkwe alikuwa anashusha mikono ya blauzi.

"Nimepokea wengi," alisema, "ila huyu ndiye mkubwa wao."

Kileleni benchi lilikuwepo, imara, limepakwa rangi ya kijani. Mbele yake palisimama ukuta wa misonobari. Ilionekana idara ya misitu ilipanda miche mahali hapo zamani, ikiwa haivuki magoti, na miche ikafanya kilichotarajiwa. Ramani aliandika kwenye daftari: *Mandhari imezibwa.* Akafikiri, akaongeza: *Yote.*

Mwanamume mmoja mwenye fimbo mbili za kutembelea alifika akihema. Alitazama miti, akatazama kipeperushi chake.

"Samahani, mandhari iko wapi?"

"Nyuma ya miti," alisema mama mkwe. "Ofisi inashughulikia. Karibu chai."

Mtu yule alikunywa chai, akashukuru, akashuka. Wakabaki wawili benchini. Pale hapakuwa na kitu cha kutazama, na labda ndiyo sababu Ramani alithubutu.

"Mama, miaka yote hii hujawahi kuniuliza."

"Kuhusu nini?"

"Mtoto."

Mama mkwe alifunga kifuniko cha chupa, akakikaza.

"Mwanangu, nimepokea watoto elfu tatu na ushee. Nimeshika wa kunitosha. Wako akija nitampokea. Asipokuja, mimi sipo kwenye foleni."

Ramani alitazama misonobari mpaka ikawa ukungu.

"Sasa mbona nyumbani huzungumzi na mimi?"

"Wewe ndiye uliyekuwa huzungumzi. Unarudi umechoka, siku nzima umeongea na wageni. Nikasema huyu anataka kimya. Hata redio niliacha kuwasha."

"Redio niliacha mimi kwa ajili yako! Nilidhani kelele zinakukera."

"Mimi?" Mama mkwe alionekana kushangaa, jambo lisilo la kawaida yake. "Nimefanya kazi wodi ya wazazi."

Waliposhuka waliizunguka ile miamba kwa njia ya nje, ambayo haikuandikwa popote na ilikuwa pana kama barabara.

Taarifa ya Ramani ilikuwa ya nusu ukurasa. Mkuu wa ofisi alisema maneno "mandhari haipo" hayawezi kuchapishwa na ofisi ya wageni, akaandikia idara ya misitu. Baada ya miezi minne idara ikajibu kwamba miti sita imekatwa. Ilikatwa upande wa nyuma ya benchi. Sasa mgeni akigeuka huona nguzo ya simu.

Wakati huo Ramani na mama mkwe walikuwa wameshakagua kilele cha kwanza na cha pili, kwa ridhaa ya ofisi, wakisahihisha kipeperushi sentensi kwa sentensi. Mmoja aliandika, mwingine akafuta. Njiani walizungumza mpaka wakakaukiwa koo: habari za wodi, za kaunta, za huyo fundi wa mitambo alipokuwa mtoto na hofu yake ya kuku.

Jumamosi moja walifika kilele cha nne. Huko mandhari ilikuwepo kweli. Mji wote ulikuwa chini yao, mto, stendi, paa la hospitali, na kwa mbali mtaa wao wenyewe, nyumba zikiwa ndogo kama visanduku vya kiberiti. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa Ramani alikuwa na mandhari mbele yake na hakuwa na neno hata moja la kuipamba.

Mama mkwe alivaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu, taratibu, toka kushoto hadi kulia.

"Umeacha dirisha la jikoni wazi," alisema.