Chumba cha Kimara

Daktari wa macho wa Mpanda aliniambia kwa kifupi, nami nampenda mtu wa kifupi. Presha ya jicho la kulia imepanda, dawa ya matone imeshindwa, lazima nikapasuliwe Dar es Salaam. La kushoto lilishakufa miaka mitatu nyuma.

"Kwa hiyo wakifunga hilo la kulia, mama, siku mbili hutaona kitu. Nenda na ndugu."

Ndugu ninaye. Esteria, binti yangu wa pekee, yuko Dar mwaka wa sita na mume wake Edgar. Baba yake alifariki, na hapa Kawajense naishi na kuku tu. Kilichobaki kilikuwa kuchagua pa kufikia. Nikakaa na karatasi mezani, nikaandika majina ya mitaa na umbali wake, kama ninavyowapangia msimu wakulima wangu wa Kasokola.

Vénérande, jirani yangu, akachungulia karatasi. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa makazi ya wakimbizi ya Katumba, na mdomo wake hauna breki.

"Mtu ana mtoto Dar, anaandika mitaa! Unakwenda kwa mtoto, unatua begi, unauliza kuna nini jikoni."

"Mtoto ana mume."

"Mume anauma?"

"Vénérande, kwetu mkwe na mama mkwe hawalali chini ya bati moja. Unajua vizuri."

"Najua, Mama Esteria. Nyie mnakimbiana kama mmeibiana ng'ombe."

Nilicheka, lakini mambo ndivyo yalivyo. Mimi ni Mkonongo, Edgar ni Msukuma aliyekulia Usevya kwenye mifugo ya baba yake. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawatumii bafu moja. Nina stashahada ya kilimo na nimewaachisha watu mambo mengi ya zamani. Hili sijaligusa. Siamini kwamba anayevunja mwiko huu atapata ukurutu mwilini. Ila Edgar ananiheshimu kwa njia hiyo, na heshima ya mtu huwezi kumwambia aivue.

Nilipokwenda mara ya mwisho walikuwa na chumba na sebule, Kimara. Edgar aliaga, akaenda kulala kwenye stoo ya duka la vifaa vya ujenzi la rafiki yake. Siku tisa, juu ya mifuko ya saruji. Kila asubuhi alikuja kunisalimia akiwa nje ya mlango, amenipa mgongo, nywele zimejaa vumbi la kijivu. Siku ya saba nikasikia Esteria anamnong'oneza, "Vumilia, anaondoka kesho kutwa." Sijamlaumu. Lakini nimelikumbuka.

Basi safari hii ni gesti. Ilala ni karibu na hospitali, ila Esteria angevuka mji kuja kuniona. Kuhusu Sinza, mwenzangu wa ofisini Mwandu alisema muziki haulali. Kimara kuna mabasi ya mwendokasi mpaka mjini, na nikimwita binti yangu anakuja kwa miguu, amevaa ndala. Nikachagua Kimara.

Kwa Esteria nikasema nakuja semina ya siku tano, malazi wametupa. Ningetaja upasuaji, Edgar angekunja godoro siku hiyo hiyo. Nilipanga nimweleze mtoto ana kwa ana nikishapata ufunguo wa chumba, asiwe na la kubishana.

Nilifika Jumatatu jioni. Mhudumu wa gesti aliuliza, "Peke yako, mama?" Nikamwambia andika. Chumba kilikuwa safi, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Nikakaa kitandani, nikampigia Esteria.

"Mama! Umefika? Semina iko wapi?"

"Mjini. Lakini nimefikia huku kwenu Kimara, nyuma ya sheli. Vaa ndala uje."



"Mama, sisi hatukai Kimara."

"Tangu lini?"

"Tulihama mwezi wa sita. Nilikwambia."

"Uliniambia mmehama nyumba."

"Ndiyo. Tukaja Chamazi."

Kwetu Kawajense mtu akihama nyumba anahamia mtaa wa pili. Unamwona akipachika pazia. Unasikia akimfokea mtoto wake, unajua kafika salama. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kusema "tumehama nyumba" kumbe kahama na mji.

"Chamazi ni wapi?"

"Unafika Mbagala, halafu unaendelea. Kutoka huko, na foleni, saa mbili. Tatu."

"Hukusema."

"Hukuuliza, mama. Watu wanauliza: Esteria, mnakaa wapi siku hizi? Wewe unauliza kama nakula."

Hilo lilikuwa kweli, nikaliacha lipite.

"Kiwandani ninakoshona ruhusa ni Jumapili tu," akasema. "Semina inaisha lini?"

"Ijumaa."

"Basi usiondoke. Jumapili nakuja, tunakaa siku nzima."

Upasuaji ulikuwa Alhamisi. Hapo ndipo pa kusema. Miaka ishirini na mbili nimesimama kwenye mashamba ya watu nikawaambia machoni pao, mahindi yako yamekufa, ng'oa. Sijawahi kumung'unya. Nikamwambia binti yangu, "Sawa. Jumapili."

Jumanne nilikwenda kuitazama nyumba waliyokuwa wakikaa. Kwenye kamba kulikuwa na nguo za mtoto mchanga na kanga nisizozijua. Mwanamke akatoka akaniuliza, "Karibu, unamtafuta nani?" Nikasema nimepotea njia. Akanielekeza barabara kubwa, ambako nilikuwa nimetoka dakika tano nyuma.

Nilikula chipsi mayai kwenye banda lililojaa watu. Kwenye meza yangu hakukaa mtu. Mpanda siwezi kumaliza sahani bila mkulima kuja kunilalamikia viwavi.

Jumatano nilijifunza upofu. Nilifumba macho, nikahesabu: kitandani hadi chooni hatua saba, chooni hadi mlangoni nne. Nikarudia mpaka goti likaacha kugonga kona ya kitanda. Chupa ya dawa ya asubuhi nikaifunga mpira, ya jioni nikaiacha tupu. Nikanunua mkate, ndizi na maji, nikavipanga mezani kwa mfuatano. Kila kitu kilikuwa tayari. Nikajiambia, umeona, siku mbili si kitu. Kisha nikakaa na simu mkononi, haikulia, nikalala.

Alhamisi saa mbili asubuhi muuguzi akafungua faili langu.

"Ndugu yako yuko wapi, mama?"

"Nitarudi mwenyewe. Nimejipanga."

"Umejipanga na macho ya nani?" Akafunga faili. "Jicho lako lingine halioni. Mtu asiye na mtu hatumfungi jicho. Piga simu, au tukupangie tarehe nyingine."

Tarehe nyingine ni miezi, na daktari wa Mpanda alishasema jicho halina miezi. Nikampigia Esteria. Simu ilikuwa imezimwa. Kiwandani wanaziacha getini. Nikapiga tena, nikijua. Halafu nikatafuta namba ya Edgar. Nimekuwa nayo miaka sita na sijawahi kuipiga. Salamu zetu hupitia kwa Esteria.

"Mayu?" Alishtuka, akaniita mama kwa Kisukuma. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, baba. Niko hospitali, Ilala. Napasuliwa jicho leo. Wanataka ndugu."

"Na semina?"

"Hakuna semina."

Nikasikia msumeno wa karakana yao ya useremala ukizimwa.

"Nakuja, Mayu."

Alifika ana unga wa mbao kwenye nyusi na mwamvuli mkononi, kwa kuwa kulikuwa na manyunyu. Alikaa mabenchi matatu kutoka kwangu, mgongo kwangu.

"Huyo ni mwanao?" muuguzi akauliza.

"Mkwe."

"Mbona amekaa kule? Mmegombana?"

"Hapana. Ndivyo tunavyokaa."

Edgar akasaini fomu. Wakaniingiza. Haikuchukua muda, wala haikuuma kama nilivyoogopa. Kilichoniogopesha kilikuja baada ya bandeji, waliponikalisha koridoni. Nilijua giza la kufumba macho. Hili halikuwa langu, sikuweza kulifungua.

"Haya baba, mshike mama mkono mwende," muuguzi akasema. "Kesho saa tatu mrudi tuangalie."

Hakuna aliyesogea. Nilimsikia Edgar akipumua karibu. Kisha kitu kigumu, chenye maji ya mvua, kikagusa vidole vyangu.

"Mayu, shika mpini wa mwamvuli. Mimi nimeshika ncha."

Muuguzi alicheka mpaka akapiga makofi. "Makubwa! Nyie ni watu wa wapi?"

"Katavi," tukajibu wote wawili kwa pamoja.

Akanivuta taratibu, akisema ngazi, kizingiti, dimbwi. Nje alisimama.

"Mayu, twende wapi?"

Kimara kulikuwa na begi langu, mkate wangu na hatua zangu saba. Huko ningekaa siku mbili gizani nikisikiliza miguu ya wageni ikipita mlangoni, na Edgar angelala kwake. Nilijua jibu la mtu mwenye akili. Nilikuwa nimelipanga kwenye karatasi.

"Chamazi," nikasema.

Mwamvuli ulitulia kidogo mkononi. Kisha nikamsikia anampigia rafiki yake simu. "Ndaki, mwanangu, nina mgeni nyumbani. Una nafasi ya godoro? ... Sijui, siku kadhaa. ... Hapana, bwana, si tabu." Alilisema hilo kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka kabla ya kuanza.

"Siku mbili tu, baba."

"Mayu, usihesabu."

Ndani ya teksi alikaa mbele na dereva. Chamazi alinifikisha mpaka kwenye kochi kwa mwamvuli ule ule, akarudi kusimama nje ya mlango kunieleza: maji mezani upande wa kulia, choo mlango wa pili, mama wa nyumba ya pili anaitwa Agatha, ukiita atasikia. Akaniaga.

Nikabaki nyumbani kwa binti yangu. Nilipapasa vitambaa vya kochi, ua la plastiki, kioo cha picha ambayo sikujua ni ya nani. Nje watoto walikuwa wakiimba hesabu. Mashine ya kusaga ilinguruma mahali fulani, sikujua upande gani. Nimefika, nikawaza, na sijui nimefika wapi.

Esteria aliingia jioni, viatu vikilia sakafuni.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nilitaka mume wako alale kwake."

"Ulimfikiria Edgar. Ukafikiria mpaka basi la mwendokasi. Mimi ulinifikiria saa ngapi? Mama yangu anapasuliwa jicho, mimi nashona vifungo!"

"Ungeomba ruhusa, wangekufukuza."

"Hilo ungeniachia mimi."

Nilinyoosha mkono nimtafute. Aliushika, akauweka shavuni. Lilikuwa limelowa, na sikuweza kuona kama ni mvua.

Akapika ugali na dagaa, akanilisha tonge la kwanza, la pili nikamwambia naweza. Kisha nikasikia anafunika hotpoti.

"Nampelekea Edgar chakula kwa Ndaki. Sichelewi. Nikuwashie redio?"

"Hapana, nenda. Kitapoa."

Alifunga mlango. Ndala zake zikavuka uwanja, zikafika kwenye changarawe ya barabara, kisha sikuzisikia tena. Nikakaa wima, uso nimeuelekeza kule nilikodhani mlango uko, nikisubiri zirudi.